Chachu Niliyombebea Perrine

Jumatano, 18 Septemba. Saint-Privat

Nimeondoka Le Puy saa mbili asubuhi, kengele za kanisa kuu zikilia. Zilikuwa zinalia kwa ajili ya misa, lakini mimi nimezichukua kuwa zangu.

Ajulikane anayeandika: Régis Pouzols, niliyeoka mikate miaka arobaini na tatu na sasa ni mstaafu, niliyelisha maaskofu, wezi na timu nzima ya raga. Daftari nimelinunua kwa sababu kila anayeitembea njia hii ya mahujaji huandika, na sioni kwa nini wenye miguu mibovu waandike, mimi ninyamaze. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne, kwa hiyo msomaji akikuta kosa alimeze na mate.

Mzigo wangu ni soksi, mashati, koti la mvua, soseji mbili kavu, mfuko wa unga wa rai, ile nafaka nyeusi ya milimani kwetu, na chungu kilichofungwa kitambaa. Ndani ya chungu yumo Bibi. Bibi ni chachu. Si hamira ya pakiti, hiyo ni ya wavivu. Ni donge hai la unga na maji, linakula kila jioni na kuvimba kama shavu la mwenye jino bovu. Babu yangu ndiye aliyelianzisha. Unaumua mkate wa leo kwa donge la jana, na kabla ya kuoka unabakiza kipande cha kesho, basi. Miaka mia moja na minne hajafa.

Nampelekea binti yangu Perrine kule Bélescure, kijiji cha bonde la Lot ambacho kina miaka tisa hakina mwoka mikate. Amepewa duka la zamani na halmashauri. Aliniandikia mistari mitatu: Baba, sitaki pesa wala vyombo. Nataka chachu ya nyumbani. Tunafungua Jumapili tarehe sita Oktoba.

Kule mkahawani kwetu nimewatangazia wote kwamba Bibi hapandi gari, babu alimvusha nyanda za Aubrac kwa miguu na mimi nitamvusha hivyo hivyo. Kilomita mia mbili na ushee. Wamecheka. Wacha wacheke, wao wakitembea mpaka kwenye sanduku la posta wanapumzika.

Bibi mzima. Amekula vijiko vitatu.

Alhamisi, 19 Septemba. Saugues

Mteremko mpaka mtoni, kisha mpando wa kumrudisha mtu kwenye dini. Bibi mzima. Lengelenge moja, kisigino cha kulia.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimeokota mwalimu. Au yeye ameniokota, maana mimi ndiye niliyekuwa nimekaa juu ya jiwe kiatu mkononi. Anaitwa Edwige Tournaire, wa Lyon, mwalimu mstaafu wa hesabu, ana miaka sabini na moja na fimbo mbili za kutembelea, ukimwona kwa mbali utadhani vunjajungu. Anahesabu kila kitu: hatua, misalaba ya njiani, ng'ombe.

Nikamsimulia jinsi nilivyooka mkate wa mita tatu kwa harusi ya meya. Akaniuliza tanuri langu lilikuwa na kina gani. Nikasema mita mbili na nusu. Akaendelea kutembea, akihesabu hatua. Nimewahi kutukanwa na madereva wa Marseille na haikuniuma vile.

Bibi mzima.

Jumamosi, 21 Septemba. Saint-Alban

Wawindaji wameanza msimu. Tumevaa kofia za rangi ya chungwa ili tusidhaniwe nguruwe mwitu. Mwalimu anasema yangu haitoshi. Bibi mzima.

Jumapili, 22 Septemba. Aumont

Ukungu siku nzima, tumetembea kama ndani ya kikombe cha maziwa. Bibi amevimba mpaka kusukuma kitambaa chake, hali ya hewa imempendeza.

Mwalimu ameuliza kilichomo chunguni, nikamweleza yote ya babu na Aubrac, na mikono nikatumia. Akasikiliza, kisha akasema kwa gari ni saa tatu tu. Nikamwambia ndiyo maana natembea. Jibu lilinitoka kabla sijalivika nguo.

Basi niandike, maana daftari haliwezi kunicheka. Saa tatu hazinitoshi kupata maneno ya kumwambia Perrine. Miaka mitatu iliyopita nilipostaafu, alitaka duka. Nikamwambia mbele ya wateja, Jumamosi, duka limejaa, kwamba mikono yake ni ya kubembelezea paka. Watu walicheka, mimi ni mtu wa kuchekesha. Duka nikamuuzia muuza miwani. Perrine akaenda kukandia watu wengine unga, na tangu siku ile hatujala meza moja.

Sasa ameomba kitu kimoja tu. Nikimfikishia, labda nitasamehewa bila kulazimika kusema mengi.

Jumatatu, 23 Septemba. Nasbinals

Leo nimekuwa mkubwa kuliko nilivyozoea.

Tumevuka Aubrac tangu alfajiri chini ya mvua inayonyesha kwa ubavu. Hakuna mti wala ukuta, ni majani tu na wale ng'ombe wekundu wenye macho kama wamepakwa wanja, wanatutazama kama sisi ndio mifugo. Tumefika saa saba mchana, tumelowa mpaka kwenye fikra. Nyumba ya wageni ni ya mama mmoja, Marinette, mjane mwenye mashavu ya tufaha. Wasafiri kumi na wanne, supu ipo, jibini ipo, mkate hakuna. Jumatatu, waoka mikate wote wamefunga. Ungeziona zile nyuso. Supu bila mkate, afadhali mazishi.

Uani nikaona tanuri la zamani la mawe. Marinette akasema lina miaka halijawashwa, na stoo ana gunia la unga. Nikavua koti.

Ili mkate uwahi jioni nikamtia Bibi mzima kwenye unga, mzima, kwa ukarimu. Nikakanda kwenye beseni la kunawishia watoto. Mjerumani akapasua kuni, madada wawili wa Nantes wakashika taa, na mimi nikawa nasimulia: moto wa mwaka themanini na nne, askofu aliyemeza jino. Saa mbili jioni ikatoka mikate kumi na sita, ganda linalia kama majani makavu. Walikula wamesimama. Marinette alibeba mmoja kifuani kama mtoto. Mwalimu alikula vipande sita, nimehesabu mimi safari hii, akasema, "Bwana Pouzols, huu sasa ni mkate," na akaangalia pembeni.

Nani kama mimi.

Jumanne, 24 Septemba. Saint-Chély

Asubuhi nimechukua chungu nimlishe Bibi. Kimeng'aa. Ndani kimeng'aa kama jicho la samaki mbichi.

Nimekaa nacho mapajani nikijaribu kukumbuka ni wapi nilipoweka kipande cha kesho. Nimekumbuka mikate yote kumi na sita, mmoja mmoja. Nimekumbuka kugawa donge la mwisho mara mbili ili Mjerumani apate wa njiani. Kipande cha kesho sikukiona popote katika kumbukumbu, kwa sababu hakikuwepo.

Hata ukoko wa pembeni ya chungu ungenitosha, kwa ukoko huo chachu hufufuka. Nikamwuliza Marinette kwa sauti ya mtu anayeuliza saa. Akafurahi nimegundua: alikiosha mwenyewe, maji ya moto, sabuni, kulikuwa na uchafu umegandamana kama saruji, masikini mwanamume anayesafiri peke yake. Beseni pia. Meza pia, kwa chumvi na brashi. Nikamshukuru. Angekuwa mtu mbaya ningemfokea, lakini yule mama alinibusu mashavu yote mawili na kunifungia jibini ya njiani.

Nikaenda kukaa nyuma ya tanuri. Hapo ndipo nilipomwona Lucette.

Si mzimu, sijafika huko. Nilimwona mke wangu jinsi alivyokuwa kila siku ya Mungu, na nilikuwa sijawahi kumtazama. Mimi nilikanda, nikakata, nikasema. Na wakati nasema, mkono wa Lucette ulikuwa unapita nyuma ya mgongo wangu, unanyofoa donge la ukubwa wa ngumi, unalitia bakulini, unafunika. Kila siku. Sikuwahi kumwomba afanye, wala yeye hakuwahi kusema kwamba anafanya. Alipofariki ule mwaka wa mwisho wa kazi yangu, mkate wa kesho uliendelea kuumuka kama kawaida, nami sikujiuliza kwa nini. Aliyekuwa akibakiza sasa alikuwa Perrine. Mikono ile ile ya kubembelezea paka. Tangu niuze duka nimekuwa nikimlisha Bibi jikoni, kijiko na maji, sijaoka naye hata mara moja. Kwa hiyo katika miaka arobaini na tatu, jana ndiyo siku ya kwanza kubakiza kipande kulikuwa kazi yangu.

Waoka mikate watatu wa Le Puy waliwahi kuniomba donge la Bibi. Niliwanyima wote. Nikisema hapa kwamba mdomo uliponza kichwa nitakuwa najipunguzia. Uliponza ukoo.

Nimetia chunguni unga wa rai uliobaki, maji, na kijiko cha asali ya Marinette. Hivyo ndivyo chachu huanzishwa, babu alianza hivyo, na huchukua siku nyingi au isiwe chochote. Nimekifunga chungu tumboni chini ya shati kipate joto, natembea kama mjamzito.

Saa sita simu ikalia, ujumbe wa Perrine, wa kwanza tangu niondoke. Bibi hajambo?

Nikajibu: Mzima.

Jumatano, 25 Septemba. Espalion

Tumeshuka mpaka bonde la Lot. Jua. Watu wamekaa nje ya mikahawa, wanakula aligot, viazi vilivyopondwa na jibini, vinavyovutika kama kamba. Chungu kimya.

Alhamisi, 26 Septemba. Estaing

Chungu kimya. Kinanuka soksi, au ni soksi.

Ijumaa, 27 Septemba. Estaing

Kisigino kimekuwa kama nyanya iliyopasuka. Mfamasia amesema siku mbili bila kutembea. Nikamwambia Mwalimu aende, ana vitanda alivyowekea nafasi kwenye nyumba za mbele. Kumbe alishapiga simu akasogeza tarehe zote. Nikamwuliza kwa nini, akasema bila mimi njia itakuwa na kimya kingi kupita kiasi, na hakucheka alipokuwa anasema.

Nilikuwa nimemwona ni mwanamke mkavu. Hivi karibuni naona si ukavu, ni kwamba hasemi kitu asichokijua. Ni ugonjwa mgeni kwangu.

Alasiri tumekaa ukingoni mwa mto, mguu wangu majini. Akasema uzito wa chungu ulibadilika pale Nasbinals, zamani nilikuwa nakikumbatia kama yai, kisha asubuhi ile nikakibeba kwa mkono mmoja. Alijua siku zote tatu. Nikamwambia yote.

"Utamwambia lini binti yako?"

"Nani kasema nitamwambia? Hii ikipanda, chachu ni chachu. Haina kitambulisho."

"Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na nane," akasema. "Mtoto aliyenakili jibu sahihi nilimjua tu. Jibu linakuja halina njia."

"Ukamfanya nini?"

"Namwita ubaoni anionyeshe njia. Wengine wanaanza kuchorachora, wanapiga maneno. Aliyesema 'Mwalimu, sijui', nilimpa nusu ya alama."

"Nusu tu?"

"Nusu inatosha kufaulu, Bwana Pouzols."

Nikatoa mguu majini. Ulikuwa umekuwa mweupe kama unga.

Jumamosi, 28 Septemba. Estaing

Mvua. Nimemlisha asiye na jina. Kimya.

Jumapili, 29 Septemba. Golinhac

Povu moja. Nimeliona kwa macho yangu, ukubwa wa punje ya dengu, limepanda, limepasuka. Nimemwamsha Mwalimu kwenye kiti chake. Akavaa miwani, akatazama chunguni dakika nzima, akasema, "La pili hilo." Tumekaa pale watu wazima wawili tunatazama unga kama wengine wanavyotazama mpira.

Jumatatu, 30 Septemba. Conques

Mapovu hayahesabiki, hata Mwalimu ameacha. Chachu inanuka vizuri, inanuka asali na ghala. Chakula cha jioni nimeimba.

Jumanne, 1 Oktoba. Decazeville

Imevimba mara mbili ya ukubwa wake. Na hapo ndipo shida ilipozidi. Ingekufa, ningelazimika kusema. Sasa iko hai, naweza kunyamaza. Nitampa Perrine chungu, atalia, nitasema ile hotuba ya babu na Aubrac, nitakuwa baba aliyevuka milima. Nimeifanyia mazoezi leo kilomita nne nzima. Ni nzuri sana. Nimejitoa machozi mwenyewe.

Mwalimu alikuwa mbele, nadhani alisikia. Hakugeuka.

Jumatano, 2 Oktoba. Bélescure

Njia ya wasafiri inapita kilomita tano kutoka kijijini. Pale njiapanda Mwalimu ameshika fimbo zote mbili kwa mkono mmoja, akanipa ule mwingine, akasema, "Haya, Régis. Ubaoni." Akaenda zake. Ni mara ya kwanza ameniita kwa jina.

Duka lina mlango wa bluu uliopakwa rangi jana. Perrine alikuwa ndani, amefunga nywele kitambaa cha mama yake, unga mpaka kwenye nyusi. Tukabusiana mashavu kama watu wa benki. Ukutani kuna tangazo limeshachapwa: Mkate wa chachu ya miaka 104.

Akachukua chungu, akafungua kitambaa, akanusa. Kisha akakifunga, akakiweka mezani taratibu, akanitazama.

Mimi nikaanza. Nikasema habari za ukungu, za wawindaji, za ng'ombe wa Aubrac na macho yao. Nilisema ng'ombe kwa muda mrefu sana, mpaka wakaniishia.

"Perrine, huyo si Bibi."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Bibi ananuka siki ya tufaha. Huyu ananuka asali, tena ananuka wewe. Ulimbeba wapi, kwapani?"

"Tumboni. Umejua tangu lini?"

"Tangu nilipofungua. Nilikuwa nangoja nione hao ng'ombe watakufikisha wapi."

Basi nikamwambia. Nasbinals, mikate kumi na sita, sabuni ya Marinette. Nikamwambia kuhusu mkono wa mama yake uliopita nyuma yangu miaka yote, na baada ya pale mkono wake yeye. Nikasema, "Lile neno la paka nililisema mbele ya watu, na mikono hiyo ndiyo ilikuwa imemshika Bibi. Mimi nilikuwa nimeshika hadithi tu."

Perrine akafuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. Akafungua mlango wa tanuri, akaufunga. Nje mtu alipita na trekta, tukangoja lipite, na ni trekta refu kuliko yote niliyowahi kusikia.

"Mama alisema utakuja kugundua," akasema. "Alisema labda tukishakufa wote."

Sikujua kama nilie au nicheke, nikafanya vyote vibaya.

Akarudi mezani, akafungua tena chungu, akatia kidole, akaonja. Akauliza ana siku ngapi. Nane, nikasema. Akasema ni mtoto, hataumua mkate wa watu mia mbili Jumapili. Nikasema akilishwa mara tatu kwa siku anaweza. Akauliza nani atamlisha, yeye ana kuni za kupanga na tanuri la kupasha. Nikasema mimi. Akaniuliza kama nitafanya atakavyosema, si nitakavyoona mimi.

Nikasema, "Ndiyo."

"Basi nenda kaoge kwanza."

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimelisha. Nimefagia. Nimepanga kuni, akazipanga upya.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimelisha. Nimenyamaza, mara mbili. Nimeuliza kama tangazo la ukutani libadilishwe, amesema hilo ni langu, nijue mwenyewe.

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumekanda pamoja. Ana mabega ya Lucette na haraka yangu. Nimemwona akinyofoa kipande cha kesho hata kabla ya kutia chumvi, akakigawa kwenye bakuli mbili tofauti. Hakunitazama, na hakuhitaji kunitazama.

Jumapili, 6 Oktoba

Misa ilipokwisha kijiji kizima kilikuwa mlangoni, na mbwa wao. Meya, mwanamume mrefu mwenye ukanda wa bendera kifuani, akasema maneno machache kwa dakika ishirini, kisha akanikaribisha mimi, baba wa mwokaji, niwaeleze kuhusu chachu ya miaka mia na minne. Wakanipandisha juu ya kreti la mvinyo. Watu mia mbili wananitazama. Maisha yangu yote nimengojea kreti kama lile.

Nikawaambia chachu ya babu yangu imekufa Nasbinals, muuaji ni mimi. Nikawaambia hii ya leo ina siku kumi na mbili, imezaliwa njiani, na mikono iliyoifanya mkate ni ya Perrine peke yake, kama vile ile ya zamani ilivyokuwa hai kwa mikono ya mama yake. Nikasema niliwahi kumvunjia heshima mbele ya wateja, kwa hiyo namrudishia mbele ya wateja. Nikaishia hapo. Hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, hata sikumtaja askofu.

Meya akatazama tangazo. Kisha bibi kizee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kikapu, akasema, "Siku kumi na mbili? Basi nipe miwili, kabla hajazeeka." Watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza hawakucheka kwa sababu mimi nimetaka wacheke.

Nilitaka kuongeza jambo. Sauti ya Perrine ikatoka ndani. "Baba, shuka kwenye hilo kreti, mkate unatoka."

Nikashuka.

Mikate ilikuwa imelala kidogo upande mmoja, na ndani ilikuwa mizito, ukweli usemwe. Saa tano na nusu haukubaki hata mmoja. Perrine alikuwa ameshika kaunta kwa mikono yote miwili, kana kwamba duka lingemkimbia.

Jioni tumekula supu, meza moja. Kesho Jumatatu tumefunga. Ameniambia chumba cha juu ya tanuri kina joto na hakina mtu, na kwamba Jumanne kazi inaanza saa kumi alfajiri, nisichelewe, yeye mwanagenzi anayechelewa hamtaki. Nimemwuliza mshahara. Amesema mkate mmoja kwa siku, na nisiongee kabla ya kahawa.

Nimekubali la mkate.